Kifuniko cha Baiskeli

Mama alikuwa fundi cherehani, na hakujua kukaa bure. Asubuhi alishona sare za shule, mchana alitia vifungo, na kila baada ya muda alimgombeza binti yake kwa kuegemeza baiskeli kwenye vitambaa. Binti ndiye aliyewapelekea wateja nguo zao. Alikwenda mbio mno kwa baiskeli hiyo, wakamwita Upepo.

Mwezi uliopita Upepo alikosa mashindano ya baiskeli. Waliifunga baiskeli nyuma ya gari lao dogo, na Mama akaishonea kifuniko kirefu cha kuzuia vumbi. Njiani askari wa barabarani akawasimamisha. Kifuniko kilikuwa kimeficha namba ya gari na taa zote za nyuma. Akawarudisha nyumbani. Kule uwanjani, kocha wa timu yake aliita namba ya Upepo, kumi na nne, mara tatu. Hakuna aliyeitika. Akikosa na Jumamosi hii, anatolewa kwenye timu.

Upepo hakulia. Siku mbili alipeleka nguo za wateja kwa miguu, na hilo lilimuuma Mama kuliko kilio.

"Safari hii haturudishwi," Mama alisema.

Jumatano jioni aliketi kwenye cherehani yake, akaitarizi namba ya gari juu ya kifuniko. Uzi mweupe, tarakimu kubwa, kazi safi kabisa. Kesho yake jirani yao, mwalimu wa udereva, alimkuta akikipiga pasi.

"Shoga, hiyo ni nini tena?"

"Namba ya gari. Si askari alisema haoni? Sasa ataiona hata akiwa anasinzia."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akavuta kiti.

"Mikono yako sina la kusema. Lakini namba ya gari haishonwi, shoga. Ina utaratibu wake wa kisheria. Ukijitengenezea yako, umeongeza kosa juu ya kosa."

Mama akanuna. Jioni nzima imepotea. "Basi nifanye nini? Mwanangu lazima awepo pale Jumamosi."

Mwalimu akamshika mkono, wakatoka nje. Wakaipandisha baiskeli kwenye kibebeo, fremu ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari la Mama, bila kifuniko.

"Simama hapa nyuma. Wewe sasa ni dereva anayelifuata gari hili. Namba unaiona?"

"Nusu."

"Taa ya kushoto?"

Mama akainama. "Gurudumu limeikinga."

"Basi ukifunga breki, wa nyuma hajui. Anakuja kukuvaa, na mtoto yumo ndani. Mzigo usifiche namba wala taa. Usitokeze ubavuni. Ufungwe mpaka usicheze. Kama baiskeli inaficha, unaweka ubao nyuma yake, wenye taa zake na namba iliyokubaliwa. Nenda ofisi ya magari ukaulize, maana kila nchi ina masharti yake."

Mama hakungoja kesho. Alifunga cherehani, akaenda ofisini, akauliza mpaka akaelewa. Ijumaa makanika akafunga nyuma ya baiskeli ubao wenye taa na namba iliyokubaliwa, akauunganisha na taa za gari. Upepo akakaa kwenye usukani, Mama akasimama nyuma.

"Kanyaga breki. Washa kushoto. Kulia." Zote zikawaka. Kisha Mama akaitikisa baiskeli kwa nguvu zake zote. Haikucheza.

Jumamosi walimkuta askari yuleyule, mahali palepale. Mama akasimamisha gari. Askari akazunguka nyuma, akaisoma namba kwa sauti, akavuta mikanda iliyoishika baiskeli.

"Na kile kifuniko?"

"Kimestaafu, afande. Tunakikalia."

Askari akatabasamu. "Nendeni salama."

Walifika mapema. Upepo akajipanga na wenzake, Mama akasimama pembeni.

"Namba kumi na nne," kocha akaita.

"Nipo," Upepo akajibu.

Kocha hakuhitaji kuita mara ya pili.