Kome wa Wifi Rohaya

Melur ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusikia uvundo. Walikuwa barazani, kwenye kibanda walichopanga ufukweni, yeye, mumewe Kamarul na wifi yake Rohaya, na wali wa nazi na mchuzi wa jodari ndiyo kwanza umeletwa kutoka jikoni. Alipeleka tonge mdomoni, akalishusha.

"Huu wali mbona kama umechacha?"

"Umechacha wapi?" Rohaya alidakia, mdomo umejaa. "Mwenyewe kupika hujui, cha wenzio unakitia kasoro. Kula, mwanamke!"

Kamarul akacheka. Ndiyo ilikuwa kawaida yake, dada yake akimchoma mkewe, yeye hucheka. Rohaya ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na neno la Rohaya nyumbani kwao Ipoh halikuwa na wa kulipinga. Melur akaiinamia sahani yake. Lakini aliona ute mwembamba, mweupe kama wa yai, ukimtoka wifi yake pembeni mwa mdomo, ukaning'inia mpaka sahanini, kisha Rohaya akaufyonza pamoja na wali, akameza.

Jana yake walikuwa wameokota makombe. Rohaya alikuwa na macho ya kipanga. Kila alipoinama aliinuka na kitu. Nyuma ya miamba, maji yalipokupwa, akaibuka na kome mkubwa kama kichwa cha mtoto, mdomo wake wa waridi, na bado yu hai. Mnyama alijikunja ndani, akajifungia kwa kile kifuniko chake cheusi.

"Mrudishe, wifi," Melur alimwambia. "Nyumba ya mtu hiyo."

"Ya mtu aliyeiona. Yaani mimi."

Akamchemsha kwenye sufuria kubwa, akaivuta nyama kwa uma, akaitupa uvunguni mwa baraza, na kombe tupu akaliweka dirishani. Paka wa pale waliijia mbio mikia juu, wakainusa, wakarudi kinyumenyume.

Sasa, baada ya chakula, uvundo ulizidi. Melur alilinusa lile kombe la dirishani, lilikuwa safi. Akanusa taulo, akanusa ndoo ya taka. Alipopita karibu na kitanda alichojilazia Rohaya, ilimbidi azibe pua kwa upindo wa nguo. Shavu la wifi yake lilikuwa limegandana na mto, na alipogeuka lilibanduka polepole, kwa mlio kama wa unyayo unaochomolewa matopeni.

"Kamarul," alinong'ona. "Dada yako anaoza."

"Acha chuki zako."

Alasiri Rohaya hakuonekana kitandani. Walimwita, wakasikia kitu kinakwaruza ndani ya kabati la nguo. Kamarul akafungua, na humo alikuwamo dada yake, amejikunja magoti yakigusa kidevu kwa namna ambayo mwanamke wa umri wake na unene wake hawezi kujikunja, amelowa ute kuanzia nywele hadi kucha, na mbele yake ameshikilia sinia la chai kama mlango, na Kamarul alipolivuta lile sinia, kitu kililivuta kurudi ndani kwa nguvu ambazo hazikuwa za Rohaya.

"Funga," sauti ilisema, nzito, yenye mapovu. "Jua linaniunguza. Nyumba yangu mmeichemsha."

Kamarul akatapika pale pale mlangoni.

Aliyeitwa alikuwa Pak Deris, fundi wa mashine za boti, ambaye wenyeji walimwita pia kwa mambo ya namna hii. Alifika na grisi mikononi, akasimama uani, akatema mate.

"Mmemchemsha nani?"

Wakamweleza. Akanawa, akashika chumvi, akasoma aya kwa sauti ya chini hadi kabati likatikisika.

"Toka kwa mja wa Mungu."

"Humu mna nafasi," sauti ikajibu. "Nimeshahamia."

Pak Deris akawageukia. "Huyu hatoki kwa maneno. Anavutwa. Na avutwe na mkono wa mtu wa nyumbani, mimi mgeni atanihamia. Nani nduguye?"

Kamarul alisogea, akainama. Rohaya akaachama. Mahali pa ulimi palikuwa na kifuniko cheusi, kikipumua.

"Siwezi," Kamarul akasema, akirudi nyuma. "Wallahi, siwezi."

Melur akakunja mkono wa nguo.

"Mimi ni wifi tu. Inatosha?"

"Mnakula sufuria moja?"

"Moja."

"Basi mshike, usimwachie."

Akaingiza mkono. Kitu cha baridi kama maiti kikamlamba vidole kimoja kimoja, kikampanda kiganjani, kikajizungusha kwenye kifundo kikinyonya, na kadiri alivyovuta ndivyo kilivyorefuka, kijivu, laini, chenye vinyweleo, kikitoka kooni mwa Rohaya kama utumbo usio na mwisho, huku macho ya Rohaya, yale ya Rohaya mwenyewe, yakimtazama na kumsihi, mpaka kikachomoka chote kwa kishindo cha maji na uvundo ukawapofua.

Pak Deris akakikinga kwa lile kombe la dirishani. Kikajikunja ndani chenyewe. Akakimbia nalo hadi miambani, akalitumbukiza baharini.

Magharibi Rohaya aliamka, akaoga, akaketi barazani. Melur alikuwa ameshausugua mkono ule kwa ndimu, kwa sabuni, kwa majivu, hata kwa mafuta ya taa, na uvundo haukutoka. Kamarul alikaa kando, hakuna aliyemtazama. Wali ukaletwa.

"Mbona huli?" Rohaya aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Nitaomba kijiko, wifi."

Rohaya akautazama mkono uliofichwa chini ya meza. Akavuta sahani, akafinyanga tonge, akalitia samaki.

"Fungua mdomo."

"Wifi..."

"Fungua mdomo, mwanamke. Chakula kinapoa."

Melur akafungua. Alilishwa tonge baada ya tonge mpaka sahani ikabaki nyeupe. Chini ya meza nzi walikuwa wameufunika mkono wake; kila alipoutikisa waliruka, kisha wakarudi.