Acha Kinyozi Ajibu Mwenyewe

Kinyozi wa mtaa wetu alipiga soga ndefu hata mteja alitoka nywele zimeshaota tena. Mkewe, fundi cherehani, alimzidi. Ukimsalimia mume, aliitikia mke.

Asubuhi moja kinyozi aliamka na homa kali. Kichwa kilimuuma, akatapika. Mwanga ulimchoma macho. Shingo ilikakamaa, hakuweza hata kuinamisha kidevu.

"Umelalia mto vibaya," mkewe alisema, akachukua mafuta ya kumchua.

"Asante, bibi," kinyozi akajibu.

Bibi? Mke hajawahi kuitwa hivyo, na bibi yake mzaa mama alishafariki zamani! Mke akatupa mafuta, akamkimbiza hospitali.

"Ni homa ya uti wa mgongo," daktari alisema. Kinyozi akatundikiwa dripu ya dawa papo hapo.

Wodini, nesi alipunguza mwanga, akataka utulivu. Lakini kila mara alirudi kumwamsha mgonjwa. Alimulika macho yake. Alimpa mkono, akamwambia auminye.

"Kaka, uko wapi sasa?"

"Hospitali!" mke alidakia. "Kwani wewe nesi hujui ulipo?"

Wodi nzima ilicheka. Nesi hakucheka.

"Dada, akili yako ni nzima. Mimi napima yake. Ugonjwa huu huvimbisha utando unaofunika ubongo. Akijibu ovyo, au akishindwa kuamka, lazima tujue mapema. Ukimjibia, unanificha dalili."

"Jamani! Basi sijibu tena."

"Na usimtie kitu mdomoni mpaka niseme. Akiwa na usingizi mzito, atapaliwa."

Nilikuwepo, nimekuja kumjulia hali jirani: mke mashavu yalimvimba kwa maneno aliyoyameza, karibu yapasue dirisha.

Jioni, nesi akiwa kitanda cha mbali, mke alimuuliza mumewe alipo. Akasubiri. Kinyozi alinung'unika tu. Kisha mkono wake ukaanza kukakamaa na kutetemeka.

"Nesi! Amebadilika! Njoo!"

Nesi alifika mbio. Akamlaza ubavu, akamwekea oksijeni, akamwita daktari. Dawa ya degedege ikachomwa. Mtetemeko ukakoma.

"Umewahi kuniita, dada," nesi alisema, akimfuta mgonjwa jasho. "Umetusaidia sana."

Homa ilishuka taratibu, siku baada ya siku. Kabla ya kumruhusu kurudi nyumbani, nesi alisema, "Tupime masikio. Ugonjwa huu unaweza kuacha uziwi."

Akasimama nyuma ya kinyozi, akanong'ona, "Chai au uji?"

Mke alishika kitanda.

"Vyote viwili," kinyozi akasema bila kugeuka, "na harakisheni!"

Mke alikuwa ameshafika mlangoni, akitafuta vikombe, machozi yakimtiririka.