Kidude Namba Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mpelelezi alikuwa na kazi mbili: kulowesha magunia yaliyofunika udongo ili usikauke, na kukagua kufuli la stoo. Kazi ya kwanza alipewa na mama yake. Ya pili alijipa mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina la Mpelelezi alibandikwa na mjomba wake kwa sababu hakuamini kitu mpaka akigeuze chini juu. Hata maziwa ambayo mama ameshayanusa, naye lazima ayanuse.

Mama yake alikuwa fundi wa majiko ya mkaa. Alikata bati, akalikunja mfano wa ndoo, kisha akalishindilia udongo ndani ili joto lisipotee. Jiko lake lilikula nusu tu ya mkaa unaoliwa na majiko mengine, wala halikujaza moshi jikoni. Tatizo lilikuwa mikono. Udongo wote aliushindilia kwa viganja, na sasa viungo vya vidole vilikuwa vimevimba. Siku nyingine alishindwa hata kufunga vifungo vya blauzi yake. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo mwaka mmoja zaidi, kazi hiyo ataiaga.

Ndipo mama akasikia habari za mradi unaowasaidia wabunifu wa nishati safi. Waliochaguliwa walipewa mafunzo na mashine. Mama aliomba mashine ya kushindilia udongo, akaitwa, akahojiwa, na hatimaye mkaguzi wa mradi akafika karakana.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye viatu vya vumbi na begi kubwa. Alipima jiko kwa rula, akalipiga picha mbele, nyuma na ndani. Mpelelezi alimtazama kuanzia kisigino mpaka utosi. Mwaka uliopita alikuja mteja mwenye maneno matamu, akapiga picha vilevile, na baada ya miezi miwili majiko yanayofanana na la mama yakajaa sokoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Mama, huyu ni mwizi," alinong'ona.

"Mwizi gani anakuja na kitambulisho shingoni?" mama alijibu huku akicheka. "Msalimie mgeni."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mkaguzi akatoa vidude vitano vyeusi, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha chupa na chenye namba. Alieleza kwamba majiko matano yatapelekwa kwa majirani watano, bure, kwa siku kumi na nne. Kila jiko litabandikwa kidude kimoja. Kidude kitapima joto na kukumbuka ni lini jiko limewashwa. Mpelelezi, kwa kuwa alijua kuandika vizuri, atapita kila jioni kuwauliza majirani wamepika mara ngapi.

Mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kukanda udongo na kusema maneno, alimsubiri mkaguzi aondoke. "Kinapima joto! Mimi nakwambia kinasikiliza. Wakitaka kujua siri za watu wanaanzia jikoni."

Mpelelezi hakucheka. Usiku ule aliwaza kidude hicho mpaka akapitiwa na usingizi.

Jioni ya kwanza alipita nyumba zote tano. Majibu yalikuwa matamu kama asali. "Tumepika mara tatu, mwanangu." "Jiko la mama yako? Halina mfano!" Katika nyumba ya nne aliishi bibi mshonaji pamoja na wajukuu zake sita. Naye alisifu kuliko wote. "Mwambie mama yako Mungu ambariki. Nimelisahau kabisa jiko langu la zamani."

Siku ya tatu, Mpelelezi aliona jambo. Bibi alilisifu jiko huku sufuria ikitokota, lakini sauti ya kutokota ilitoka uani, na jiko la mama lilikuwa ndani, pembeni ya cherehani. Alijifanya ameangusha kalamu, akaligusa. Lilikuwa baridi. Hakukuwa na hata chembe ya jivu, na juu yake palikuwa na kopo la nyuzi.

"Bibi, mbona hulitumii?"

Bibi aliacha kushona. Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Usimwambie mama yako. Sufuria yangu ni pana, mjukuu wangu, na mdomo wa jiko lenu ni mdogo. Siku ya kwanza iliyumba, nusura maji ya moto yammwagikie huyu mdogo. Lakini mama yako nampenda. Nitamvunjaje moyo mtu anayehangaika vile? Wewe andika mara tatu."

Mpelelezi aliandika mara tatu. Akiwa njiani kurudi alitambua kwamba daftari linaweza kudanganya, lakini kidude hakidanganyi. Mkaguzi angeona nyumba ya nne imewasha moto mara moja tu, angesema jiko halifai, na mashine isingekuja. Akavikumbuka vidole vya mama vilivyovimba.

Kesho yake, bibi alipokwenda dukani kununua zipu, Mpelelezi alikibandua kidude namba nne. Alikipachika nyuma ya jiko la nyumbani kwao, mahali ambapo mama hakuweza kukiona. Alijiambia kwamba yule mkaguzi ni mwizi tu, na kumdanganya mwizi si dhambi.

Kuanzia siku hiyo hakupata raha. Mtoto aliyezoea kuwashuku wengine sasa alihisi kila mtu anamshuku yeye. Mama akikohoa, alishtuka. Mjomba akiuliza, "Vipi, Mpelelezi, kuna habari gani?" alidhani ameshajua. Hata wajukuu wa bibi walipomkodolea macho alitaka kukimbia. Asubuhi ya siku ya kumi na nne alikirudisha kidude mahali pake, jasho likimtoka.

Mchana mkaguzi alivikusanya vyote, akaviunganisha na kompyuta juu ya meza ya karakana. Mistari ikajitokeza, ikipanda na kushuka. Mama na mjomba waliinama nyuma yake.

"Nyumba tatu ni nzuri," alisema. "Moja ni ya wastani. Lakini namba nne ndiyo imenifurahisha. Mwanzo imewashwa mara moja tu, naona walikuwa wanalizoea, kisha wanapika kila siku bila kukosa! Na ndiyo familia yenye watoto wengi." Akamgeukia mama. "Fundi, nitapendekeza upewe mashine, na mtengeneze majiko mia tano ya umbo hilihili. Tutayagawa kwenye familia kubwa kama ile."

Mjomba alipiga makofi. Mama alifunika uso kwa viganja vyake vilivyovimba, akalia kwa furaha.

Mpelelezi hakusikia makofi. Alisikia *mia tano*. Nyumba mia tano zenye sufuria pana, na kila moja ina mtoto anayetambaa karibu na jiko. Alijua akinyamaza mama atapata mashine, na akisema huenda mama asipate kitu.

"Si kweli," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo mno, akarudia. "Si kweli. Kidude namba nne kilikuwa kwetu."

Akaeleza yote huku machozi yakimtiririka: kopo la nyuzi, sufuria iliyoyumba, mara tatu za uongo daftarini. Mjomba alikaa juu ya lundo la udongo. Mama akamgeukia Mpelelezi.

"Kwa nini hukuniambia jiko linayumba?"

"Niliogopa tutakosa mashine. Na yeye," akamwonyesha mkaguzi bila kumtazama, "nilidhani anaiba jiko lako. Alipiga picha."

Mkaguzi hakukasirika. Alifungua begi, akatoa karatasi. "Huu ni mkataba niliosaini na mama yako siku ya kwanza. Unasema umbo la jiko ni mali yake, na picha haziruhusiwi kutoka ofisini. Ungeniuliza ningekuonyesha." Kisha akaifunga kompyuta. "Fundi, namba nne naifuta. Siwezi kupendekeza kitu leo. Mna mwezi mmoja. Lirekebisheni jiko, tupime upya, kisha kamati itaamua."

Jioni ileile mama alimshika Mpelelezi mkono, wakaenda kwa bibi mshonaji. Mpelelezi alimwomba bibi radhi kwa kugusa kitu chake akiwa hayupo. Bibi naye akainamisha kichwa. "Hata mimi nina kosa, mwanangu. Nilikupenda nikakuficha ukweli."

"Mficha maradhi kilio humfichua, bibi," mama alisema kwa upole. "Nitolee hiyo sufuria niipime."

Wiki nzima karakana haikulala. Mama alipanua mdomo wa jiko, akaweka vyuma vitatu virefu zaidi vya kushikilia sufuria, na chini akazungushia duara pana la chuma ili jiko lisiyumbe. Mpelelezi alishindilia udongo kila alasiri bila kuambiwa, maana mama alishindwa. Jiko la tano lilipokamilika, wakalijaribu kwa sufuria ya bibi iliyojaa maji mpaka ukingoni. Mjomba alilisukuma kwa mguu, akalisukuma tena, na halikumwaga tone.

Vidude vilibandikwa upya. Safari hii mstari wa nyumba ya nne ulipanda asubuhi, mchana na jioni, na kila moto ulikuwa wa bibi mwenyewe. Kamati ilipokutana, mama alichaguliwa. Mkaguzi alileta habari hizo akiwa na viatu vyake vya vumbi. Alisema waombaji wengi waliwaletea sifa tupu, lakini fundi huyu aliwaletea kasoro pamoja na dawa yake.

Siku mashine iliposhushwa, mama alivuta mpini mara moja tu na udongo ukakaa sawasawa ndani ya bati. Alivuta tena, taratibu, kwa mkono mmoja. Kisha akamwita binti yake.

"Sikukatazi kushuku," alisema. "Dunia ina wezi, na mwenye macho haambiwi tazama. Lakini ukishuku, uliza. Wewe ulishuku ukahukumu, na hukumu yako ikakupa ruhusa ya kudanganya. Uongo ule ungeniletea mashine hii mapema, na mashine ingenitolea majiko mia tano ya kuunguza watoto. Siku ile uliposema ukweli, niliumia sana. Lakini leo naweza kuyauza majiko haya nikalala usingizi."

Mpelelezi alitazama vidole vya mama vikiwa vimelegea juu ya mpini, havishindilii kitu.

"Mama," aliuliza, "mikono bado inauma?"

"Inauma," mama akajibu. "Kidogo kuliko jana."

Na kwa kuwa mama angeweza kusema haiumi kabisa, Mpelelezi alimwamini.