Hajra na Brashi za Gari la Harusi

Hajra alikuwa mpambaji wa maharusi mjini Bagamoyo, kata ya Dunda. Aliijua kazi yake, na watu walijua kwamba anaijua. Bibi harusi akipita mikononi mwake, hata mashangazi wachaguzi hukosa la kusema. Yeye na mumewe, Ishaka, walikuwa na gari jeusi. Siku ya harusi Hajra hulifunga maua, akampeleka bibi harusi kwa bwana harusi. Kwa hiyo gari nalo lilikuwa sehemu ya kazi yake.

Gari hilo aliliosha mwenyewe, nyumbani. Alitumia ndoo moja, sabuni ya unga na brashi ya kusugulia sakafu. Alianza na magurudumu yaliyojaa mchanga, akapanda milangoni, akamalizia boneti. Alisugua kwa nguvu zake zote. Aliamini kwamba usafi hutoka kwenye nguvu za mkono.

Jumatano moja alimaliza kuosha, akalisogeza gari juani likauke. Jumamosi ilikuwa harusi ya Nasrin, binti wa Bi Mwanamkasi. Jua lilipopiga boneti, Hajra aliganda na kitambaa chake mkononi. Rangi yote ilikuwa na mikwaruzo myembamba. Mingine ilikwenda mviringo, mingine ilinyooka. Weusi wenyewe ulikuwa umefifia, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Alifuta kwa kitambaa. Mikwaruzo haikutoka.

Ishaka aliporudi kutoka kazini alilizunguka gari, akasema bila shaka ni vijana wanaoosha magari barabarani. Hajra alimkumbusha kwamba tangu mwaka jana hakuna mkono mwingine uliolishika gari lile.

"Ni mimi," alisema. "Sasa nataka kujua nimekosea wapi."

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Abdulnasir, fundi wa kupaka rangi magari. Hajra alimwita alasiri ileile. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, fundi aliinama akaitazama boneti kwa ubavu. Kisha akaomba aletewe kile anachooshea. Hajra akaleta ndoo na brashi.

Abdulnasir alipitisha kidole kwenye nywele za ile brashi. Zilikuwa ngumu, na kati yake mlikuwa na chembe za mchanga.

"Dada Hajra," aliuliza, "brashi hii ungempakia nayo poda bibi harusi?"

Hajra alicheka. Katika mkoba wake wa kazi alikuwa na brashi ya poda, ya wanja, ya midomo na ya kucha. Hata siku moja hakuwahi kuzichanganya.

"Ningemchubua," alijibu. "Kila brashi ina mahali pake."

"Na gari ni hivyo hivyo. Rangi ndiyo ngozi yake."

Fundi akamweleza taratibu. Mwilini mwa gari, yaani milango, boneti na paa, brashi ngumu haigusi kabisa. Hapo hutumika glavu ya kitambaa chenye manyoya laini. Rimu hutaka brashi laini, yenye nywele zilizochanuka nchani, na mpini usio na chuma kinachoweza kugonga. Matairi na madigadi huvumilia brashi ya ugumu wa wastani. Brashi ndogo laini, kama ya mchoraji, huingia kwenye matundu ya hewa, vifungo vya dashibodi na nembo ya gari. Brashi ngumu ibaki kwa mazulia ya miguuni, tena yakiwa yametolewa nje.

Hajra aliuliza atajuaje brashi laini akiwa dukani, maana kila muuzaji husifu chake. Abdulnasir akamwambia aisugue nyuma ya kiganja. Ikimwasha, isiguse rangi.

"Lakini mchanga ndio adui mkubwa," aliendelea. "Hata kitambaa laini kikishika mchanga, kitakwaruza. Mwaga maji kwanza, mchanga uondoke. Kisha osha kutoka juu kwenda chini, kivulini. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glavu. Na brashi ya gurudumu isipande mlangoni."

Alimwambia pia aachane na sabuni ya unga, atumie sabuni ya magari. Kuhusu mikwaruzo, alisema haikuwa na kina. Angepiga polishi, na mingi ingetoka. Ila polishi hupunguza rangi kidogo kila inapopigwa, kwa hiyo haiwezi kuwa dawa ya kila mwezi.

Alhamisi fundi alipiga polishi, weusi ukarudi. Siku hiyohiyo Ishaka alifika na brashi kubwa yenye mpini mrefu, amefurahi, maana muuzaji alimwambia inaosha gari zima kwa mkupuo. Hajra aliisugua nyuma ya kiganja chake. Ikaacha alama nyekundu. Akamwonyesha mumewe mkono, akaiweka pamoja na mazulia. Kisha wakaenda dukani pamoja, na safari hii Hajra ndiye aliyechagua.

Ijumaa Ishaka alikwenda Chalinze kumchukua shangazi yake Nasrin. Mvua ilimkuta njiani. Jumamosi asubuhi gari lilikuwa na tope hadi madirishani, na Bi Mwanamkasi alikwishapiga simu kuuliza kama maua yako tayari. Ishaka alishauri wapitishe ile brashi kubwa haraka haraka, tope litoke, waondoke.

"Mchanga na brashi ngumu ndivyo vilivyotuponza," Hajra alisema. "Maji kwanza."

Wakalisogeza gari kivulini. Ishaka alishika mpira wa maji, tope likashuka lenyewe. Hajra alianza paani na glavu, akaisuuza kila mara kwenye ndoo ya pili, na chini ya ndoo ile mchanga ukawa unaonekana. Ishaka akachukua rimu, kisha matairi, kila sehemu na brashi yake. Mwisho wakakausha kwa taulo laini. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko Hajra alivyozoea. Alilitoa gari juani, akainama kulitazama kwa ubavu kama fundi alivyofanya. Hakuona mkwaruzo mpya hata mmoja.

Jioni, vigelegele vilipopanda, Nasrin alitoka nyumbani kwao ameshikwa mikono na shangazi yake. Upepo wa pwani ukamvuta mtandio upande. Hajra aliingiza mkono mkobani kutafuta kioo.

Nasrin hakusubiri. Aliinama mbele ya mlango mweusi wa gari, akajitazama, akauweka mtandio wake sawa, akatabasamu.

Hajra akakiacha kioo mkobani, akamfungulia mlango.