Damu ya Mdogo Wangu kwa Jina Langu

Nina miaka thelathini na nne, mjane, naishi Levolosi. Haya ninayowaandikia hata mama yangu mzazi hajayasikia...

Mwaka jana nilipata kazi ya kupika kwenye shule ya bweni karibu na Tengeru. Sharti lilikuwa moja: nipime afya kwanza. Sukari, figo, wingi wa damu. Moyo ulinipasuka! Marehemu mume wangu aliugua muda mrefu na watu walinong'ona mengi. Nilidhani damu ikishatolewa itasema kila kitu, hata virusi vya Ukimwi.

Nikamwomba mdogo wangu wa kike, Elinipa, mkulima wa nyanya Nduruma, akatoe damu kwa jina langu.

"Dada, na wewe unaogopa sindano?" alicheka. Lakini alikwenda. Alinipenda mno.

Majibu niliyafuata mwenyewe. Daktari alikunja uso. Damu na figo vilikuwa sawa, ila sukari ilikuwa kumi na tisa! Akaniuliza kama nasikia kiu, kama nakonda. Alisema kipimo kimoja si hukumu, lakini sukari ya juu namna ile si ya kukaa nayo nyumbani. Akanichoma kidole palepale. Tano, sukari ya kawaida kabisa.

"Labda maabara wamechanganya sampuli," alisema.

"Itakuwa hivyo," nikajibu haraka. Akasaini fomu yangu ya kazi.

Jamani, nilijua! Nilijua ile kumi na tisa ni ya nani. Lakini ningemwambiaje, naye akimbilie kwa daktari yuleyule, siri ifichuke? Elinipa aliponipigia kuuliza, nilimwambia majibu ni safi kabisa. Nikajipa mwezi mmoja. Nikishathibitishwa kazini, nitamwambia...

Kila Jumamosi sokoni Tengeru nilimkuta amekonda zaidi. Alimaliza chupa nzima ya maji kwa mkupuo, mara anamwachia jirani nyanya zake akimbilie chooni. Alisema ni jua. Nami nikaitikia, ni jua!

Wiki ya tatu shemeji, mume wa Elinipa, alinipigia kuwa mkewe anatapika na kuhema kama mtu aliyekimbizwa. Nilimkuta hospitali, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyovunda. Alifumbua macho.

"Dada... si ulisema majibu yangu mazuri?"

Kesho yake akafariki.

Baada ya mazishi nilikwenda kupima virusi. Sina! Mshauri akaniambia kipimo kile hakifanywi kwa siri, ni mpaka mtu aridhie. Nililia hadi akadhani sikuelewa majibu.

Wasomaji wenzangu, toeni damu yenu wenyewe. Msichokielewa kwenye majibu, muulizeni daktari mpaka mwelewe. Na majibu ya mwenzako usiyakalie hata siku moja!

Ile kazi nimeiacha. Shemeji bado ananikaribisha vizuri, wanawe wananiita mama mkubwa. Jumapili hii baada ya ibada nakwenda Nduruma kumwambia baba yao nilichofanya... na sijui kama nitaondoka pale nikiwa bado ndugu yao.