Vanishi Mdomoni mwa Struan

Asubuhi ile Ishbel alipombusu mumewe, alionja vanishi.

Si vanishi mpya ya dukani. Ilikuwa ile ya kale, chungu, yenye harufu ya moshi, aliyokuwa akiibandua kwenye picha ya rangi ya Bibi Grizel, iliyotundikwa ukumbini juu, tangu majani yaanze kupukutika. Struan, mtunzaji wa kasri la Dunarrach, alikuwa na doa la kahawia kwenye mdomo wa chini.

"Umekula nini?"

"Uji wako. Kwani kuna kingine humu ndani?"

Ishbel akashikwa na wivu. Kuletewa mke mwenza ni balaa, lakini mke mwenza aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, tena mwenye shingo nzuri kuliko yako, hata jirani huwezi kumsimulia.

Watu wa bondeni husema Grizel aliuawa na wivu, baada ya kumwona mumewe akicheza dansi na dada wa Grizel mwenyewe. Ishbel alikuwa akimsafisha uso kama mafundi wa kusafisha picha za kale wanavyofanya, kwa kijiti cha pamba na mate yake mwenyewe, kwa sababu mate hutoa uchafu bila kudhuru rangi. Siku hizi kinywa cha Ishbel kilikauka hata akinywa birika zima la chai, na midomo ya Grizel haikukauka kamwe.

Akamwendea shangazi yake, Una, mpishi wa kasri.

"Umemlisha mate yako, mwanangu," Una alinong'ona, mikono imejaa unga. "Mfunike shuka, umfunge uzi mwekundu, kisha mchukue mumeo mwende mjini Inverness mpaka theluji iyeyuke. Kiu ikimzidi atakuachia. Ila usimguse tena."

"Nimwachie nyumba? Yeye?"

"Ni picha, Ishbel."

"Picha haimpaki mume wa mtu rangi mdomoni."

Hata hivyo alipanda na shuka na uzi. Ilikuwa saa kumi alasiri tu, lakini huku kaskazini Novemba ilishaleta giza, na mlangoni mwa ukumbi alisikia sauti yake mwenyewe ikicheka ndani taratibu.

"Sogea, Struan," ile sauti ikasema.

"Mbona hutaki niwashe taa, mke wangu?" Struan aliuliza.

Maskini, alidhani yuko na mkewe. Mwenye akili angepoa hapo, lakini wivu hauna masikio, na Ishbel akajibanza nyuma ya pazia mpaka mumewe aliposhuka, akaitupa shuka, akalowesha kitambaa kwa spiriti kali, akasugua ile midomo iliyolowa, akasugua huku akilia na harufu ile ya moshi ikimwingia puani, mpaka chini ya pua ya Grizel pakabaki turubai tupu, kitambaa kisicho na rangi.

Akashuka amefurahi. Struan alikuwa anaota moto. Ishbel akataka kumwambia, "Mume wangu, yamekwisha." Hakikutoka kitu. Akajigusa midomo, ilikuwa migumu, mikavu kama rangi ya picha, haikufunguka.

Struan akainuka, akamtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia kukwepa mvua.

Ndipo sauti ya Ishbel ikaita kutoka juu, kali, yenye wivu.

"Struan! Nasikia hatua za mwanamke. Uko na nani huko chini?"

"Simjui, mke wangu," Struan akajibu, akachukua taa na kupanda ngazi.