Unga wa Papai Ni Wangu

Niliingia ofisi moja ya Himbi, pale Goma, na matope ya Sake kwenye viatu, nikamukuta bwana yangu, Mahamudi, ameketi mbele ya meza.

Juu ya meza, bidoni yangu, dumu la unga.

Kando yake, Joviale. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, yule aliyenisimamia siku ya ndoa.

Na Mahamudi alikuwa anamuambia mwenye ofisi hivi, nilisikia na masikio yangu mwenyewe:

"Mama Clotilde, bibi yangu alishaniachia biashara yote. Karatasi njo hii."

Ndugu zangu... nilisogea mpaka kwenye meza. Sikuanguka. Miye si mutu wa kuanguka mbele ya wezi.

Ngoja niwaambie kwanza huo unga ni kitu gani, ndipo muelewe hasira yangu.

Papai bichi likiwa bado juu ya muti, unalikwaruza na ncha ya kisu, linatoa utomvu mweupe. Unaukinga. Unaukausha kivulini polepole, ju moto mukali unauua. Unakuwa unga. Ukiutia kidogo tu ndani ya maziwa ya Masisi yenye uvuguvugu, yanaganda.

Unga huo unakula nyama. Njo maana wenye dawa wanautafuta kwa kusafisha vidonda, na wenye mafuta ya uso wanautafuta kwa kuondoa ngozi iliyokufa.

Mama yangu alinifundisha kule Rutshuru. Waasi walipotufukuza 2012 hatukubeba hata godoro. Tulibeba visu na sahani za kukaushia, mpaka Goma.

Miaka sita ya ndoa, miye nakwaruza, miye nakausha. Mahamudi anapiga stori na watu wa moto, wale wa pikipiki, pale barabarani. Nikimuita aje anishikie sahani tu, anajibu, "Hiyo ni kazi ya wanamuke."

Basi, mwezi wa tano 2021, volkano ikalipuka. Lava ikakata barabara ya Rutshuru, shamba letu la mapapai likabaki ng'ambo. Serikali ilipotuambia tutoke Goma, tukakimbilia Sake. Nyumbani Ndosho, kule kule Goma, nikaacha bidoni moja. Ya mwisho.

Bidoni hiyo ilikuwa ahadi. Mama Clotilde, ambaye ananunulia watu wa dawa na wa mafuta, aliniambia akiipenda atanipa kontra, mukataba wa mwaka muzima. Ningewaita wamama saba wa kwetu waliopoteza kila kitu, tufanye kazi pamoja.

Watu walipoanza kurudi Goma, Mahamudi akaniambia, "Baki kwanza, nitangulie nikachungulie nyumba."

Siku nne, kimya. Nikapanda moto.

Nyumba iko nzima. Bidoni haiko. Jirani akaniambia, "Muzee wako amepita asubuhi hii na bidoni, anaelekea Himbi. Yuko na Joviale."

Njo nilivyofika ile ofisi.

Mama Clotilde akanisukumia karatasi. "Alima, ni wewe uliweka kidole hapa?"

Nikasoma. Imeandikwa: miye Alima namuachia bwana yangu unga, wateja na kontra. Imefanyika Sake. Shahidi, Joviale. Na chini, alama ya kidole gumba. Safi kabisa, mistari yake unaweza kuihesabu.

"Miye najua kuandika," nikasema. "Mbona sikutia sahihi?"

"Ulikuwa unatetemeka ju ya hofu ya volkano," Mahamudi akajibu, sauti ya upole. "Haukuweza hata kushika biki. Joviale alikuwepo."

"Ni kweli," Joviale akasema. Hakuniangalia.

"Rudi nyumbani, Alima," Mahamudi akasema. "Tusiaibishane mbele ya watu. Tutaongea."

"Tutaongea hapa hapa. Mama Clotilde, naomba wino."

Akafungua kisanduku cha wino wa muhuri. Nikabonyeza gumba langu juu ya karatasi nyeupe.

Doa jeusi. Doa tupu, hakuna hata mustari mumoja.

Nikaweka cha pili. Cha tatu. Vyote kumi. Madoa tu.

"Huu unga unakula ngozi, mama," nikamuambia. "Yangu umeila tangu nikiwa musichana. Hata kwa kadi ya uchaguzi, mashine ilikataa vidole vyangu. Waliandika, hana alama."

Mahamudi akainama, akavitazama vidole vyangu... kwa mara ya kwanza. Miaka sita vidole hivi vinamupakulia fufu, vinamukanda mugongo. Hakuwa anajua. Hiyo iliniuma kuliko wizi wenyewe.

"Basi hii alama nzuri ni ya nani?" Mama Clotilde akauliza.

Joviale alikuwa anauficha mukono wa kuume ndani ya kitenge, taratibu...

Mama Clotilde akamusogezea wino. "Shahidi, weka na wewe."

Joviale akaanza kulia. "Aliniambia vidole vya wanamuke vyote ni sawa. Eti hakuna atakayejua."

"Alima, ni shetani," Mahamudi akasema.

"Shetani sikumuona Sake. Nilikuona wewe, ukiniambia nibaki."

Karatasi ya uongo ikafungiwa ndani ya droo, ingoje polisi. Mama Clotilde akatoa kontra. Nikachukua biki, nikaandika jina langu lote, herufi kubwa kubwa, na mukono haukutetemeka.

Vita vimerudi tena, munavijua wenyewe. Lakini wale wamama saba bado wanakausha papai pale kwangu Ndosho. Na wote nimewavalisha glavu.

Wadada, munisikie. Mutu anayekula jasho lako bila kutazama mukono unaolileta, siku moja atakuibia. Na ataiba vibaya, ju hajui hata anachoiba.

Ile karatasi ya madoa kumi nimeitundika ukutani sebuleni. Mahamudi tulishaachana; atakayekuja kuniposa, aanze kwa kuisoma ile.